Krismasi ya Mikono Yetu: Kutoka Mbezi hadi Marangu

Kila mwaka, ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, sehemu kubwa ya majirani zetu wa Kimara hufunga milango na kuelekea Kilimanjaro, na utani kwamba Wachagga wameitwa kwao kuhesabiwa husikika katika kila daladala. Mume wangu ni mmoja wao, mzaliwa wa Marangu. Mimi ni Mbondei wa Muheza, niliyelelewa kwenye nazi na iliki. Miaka iliyotangulia tulikuwa tukipanda mlima na keki ya dukani ndani ya boksi, keki ambayo ilifika Himo, njia panda ya Marangu, ikiwa imeegemea upande mmoja na ua lake la krimu limehamia kwenye mfuniko. Safari hii tulikubaliana kwamba kila kitu tutakachoweka mezani au mkononi mwa mtu kwa jina la Krismasi tutakitengeneza wenyewe, kulekule kwa wakwe zangu, ambako hakuna oveni. Simulizi hii nimeipanga baada ya kurudi, kwa kufuata daftari la matumizi na picha za simu.

Ijumaa, 20 Desemba 2024: Dar es Salaam

Tiketi tulikuwa tumekata tangu mwezi uliotangulia, shilingi 42,000 kila mmoja, basi la daraja la kati. Anayengoja wiki ya mwisho hukuta viti vimekwisha au anaangukia mikononi mwa wapigadebe wanaotaja bei ya kichwani mwao. Nauli za mabasi hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, na kutoza zaidi ya kiwango kilichoidhinishwa ni kosa, kwa hiyo dai tiketi ya kielektroniki yenye jina lako na kiasi ulicholipa. Wasiopenda barabara wanaweza kuulizia treni ya reli ya zamani, ambayo ilirejea Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miongo miwili bila abiria. Treni hiyo hutembea taratibu, lakini unaweza kunyoosha miguu.

Katika kufunga mizigo tulichukua kile tu ambacho mlimani ni adimu au ghali: kilo tatu za mchele wa Mbeya, hamira, baking powder, na makopo mawili ya bati ya kuokea ambayo fundi wa Manzese alitukatia na kutulehemia kwa shilingi 8,000. Nazi na viungo mama yangu alisema tusinunue, atatuma.

Jumamosi, 21 Desemba: Kilomita mia tano na ushei

Saa kumi alfajiri Kituo cha Magufuli pale Mbezi kilikuwa kimejaa kama kwamba ni saa sita mchana. Wapagazi walitaka shilingi 5,000 kwa begi moja kutoka getini hadi kwenye basi; tulibeba wenyewe. Basi lilipangiwa kuondoka saa kumi na mbili kamili, likaondoka saa mbili kasoro kwa sababu ambayo hakuna aliyeieleza, na ucheleweshaji huo ndio uliotupa wasiwasi, kwa kuwa mama alikuwa amekwishatuma kifurushi chake kwa gari dogo la abiria aina ya Noah kutoka Muheza ili tukipokee njia panda ya Segera saa nne.

Kutoka Chalinze hadi Daraja la Wami sina la kueleza zaidi ya foleni ya malori na askari wenye tochi za kupima mwendo. Tulifika Segera saa sita na nusu. Dereva alitupa dakika tano, nami nikashuka nikijua fika kwamba mwenye Noah alikuwa ameshageuza. Kabla sijauliza, kijana mmoja anayeuza machungwa aliniita, "Dada wa kifurushi cha Muheza!" Dereva wa Noah alikuwa amemwachia mzigo pamoja na jina la basi letu, naye kwa zaidi ya saa mbili alikuwa akichungulia ubavu wa kila basi linaloingia. Nilimpa shilingi 5,000, akarudisha na kuniambia ninunue machungwa basi, kama nataka kumpa kitu. Tulinunua ya shilingi 3,000, na mfuko aliotujazia ulikuwa wa mtu aliyeamua kupata hasara.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na nazi kumi na mbili zilizofuliwa, mdalasini wa magome, pilipili manga na iliki ya Amani iliyofungwa kwenye kitambaa cha kanga. Basi zima lilinukia iliki hadi Korogwe. Mzee aliyekaa mbele yetu aligeuka kuuliza kama tunakwenda kufungua hoteli.

Kuanzia Korogwe mikrismasi ilikuwa imechanua pembezoni mwa barabara, myekundu kabisa, na nyuma yake mashamba ya mkonge yakinyooka kuelekea Usambara. Chakula cha mchana kilikuwa wali kuku wa shilingi 8,000 katika hoteli ambayo mabasi husimama kwa makubaliano yao. Ushauri wangu ni kubeba chakula chako na kuwaachia hoteli hizo maji ya chupa tu. Mombo tulinunua peasi na plamu za Lushoto kupitia dirishani. Same, ambako milima ya Upare hukaa kulia na tambarare ikakauka ghafla, mume wangu alishuka na kurudi na kilo moja ya tangawizi ya huko, ambayo haikuwamo kwenye orodha yetu lakini ndiyo iliyokuja kuiokoa keki isiwe ya kawaida.

Himo tulishuka saa mbili usiku. Mabasi ya Moshi huendelea mbele, hivyo anayekwenda Marangu asikubali kupelekwa mjini kisha kurudi. Hapo Himo zipo Noah za kwenda Marangu Mtoni, na usiku ule tulilipa shilingi 3,000 kila mmoja badala ya 2,000 za mchana. Baridi ilitupokea mlangoni pamoja na mama mkwe, ambaye kabla ya kutusalimu alinitupia blanketi mabegani.

Jumatatu, 23 Desemba: Mayai, mchanga na mkaa

Jumapili ilikuwa ya ibada, kulala na kuwaona wazee, nami naipita. Jumatatu ndiyo kazi ilipoanza.

Kwa wasiowahi kuoka bila oveni, mpango ni huu. Unahitaji sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu wa kujaza vidole viwili chini, kopo la kuokea linaloingia ndani bila kugusa kingo, na bati au sinia la kufunika linaloweza kubeba makaa juu. Mchanga husambaza joto, na makaa ya juu hukausha uso wa keki. Siri yote iko kwenye kugawa moto: mchache chini, mwingi juu. Kwetu pwani tunaita kupalia, na binti asiyejua kupalia hakabidhiwi unga.

Mchanga tulichota kando ya mfongo, mfereji wa maji unaopita chini ya kihamba, shamba la nyumbani, na kwa kuwa ulikuwa umelowa, mume wangu aliukaanga kwenye karai hadi ukaacha kutoa mvuke. Baba mkwe alileta kiti akakaa kumtazama. Aliishi Marangu miaka yake yote, alisema, na hakuwahi kuona mwanaume akikaanga mchanga. Mume wangu aliendelea kukoroga.

Mayai ya kuku wa kienyeji tuliyapata kwa jirani kwa shilingi 500 kila moja, na kiini chake kilikuwa cha rangi ya chungwa lililoiva. Mkaa tulipanga kununua, lakini wifi yangu alituzuia, akisema magogo ya mgrevilea yaliyopogolewa kwenye kahawa yametosha, na makaa yatatoka mekoni. Ndivyo tulivyofanya. Jioni niliosha mchele na kuuloweka kwa ajili ya mkate wa kumimina.

Jumanne, 24 Desemba: Mkesha

Mkate wa kumimina ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa laini pamoja na tui zito, sukari, iliki na hamira, ukaachwa uumuke, kisha ukapikwa kwa kupaliwa. Saa mbili asubuhi, nazi zikiwa zimekunwa na mchele umechujwa, umeme ulikatika, na blenda ya wifi ikabaki pambo. Kinu kilikuwepo, lakini kinu hutwanga, hakisagi, na mkate wenye chengachenga si mkate.

Wifi alijifunga kitenge, akabeba ndoo ya mchele, akasema, "Twende Mtoni, yupo kinyozi mwenye jenereta." Tulimkuta kijana huyo na foleni ya vijana na watoto waliokuwa wakinyolewa kwa ajili ya Krismasi. Alitutazama, akatazama ndoo, akaita wateja wake washuhudie, kisha akatuonyesha soketi iliyo karibu na kioo kwa sharti moja: tusage wakati yeye anabadilisha mteja, kwa kuwa jenereta haikuweza kuendesha mashine yake na blenda kwa pamoja. Basi tukawa tunapokezana, kichwa kimoja, jagi moja, kichwa kimoja, jagi moja, na wateja wakahesabu kwa sauti. Kila jagi nililijaribu kwa kusugua tone la uji katikati ya vidole, na lililokuwa na chenga lilirudi zamu iliyofuata. Tulimaliza saa tano. Alikataa fedha, akataka kipande cha mkate. Tulimpelekea robo nzima jioni.

Kilichonishangaza mlimani ni mwendo wa hamira. Kwetu Muheza uji wa mkate huumuka kwa muda usiofika saa moja, nami hulazimika kuuwahi kabla haujafurika. Marangu baridi iliulaza. Mama mkwe, bila kuulizwa, aliihamisha sufuria kwenye jiko la zamani la kuni, akaiweka hatua mbili kutoka kwenye mafiga, akaifunika kwa gunia safi, akasema ndivyo wanavyofanya na mbege, pombe ya ndizi, siku za baridi. Baada ya zaidi ya saa mbili uji ulikuwa umepanda na mapovu yakipasuka juu. Kwa hiyo mnaokwenda kuoka nyanda za juu, anzeni mapema na tafuteni kona yenye joto. Msiongeze hamira, kwa maana huacha harufu ya pombe ambayo iliki haiwezi kuifunika.

Nilipasha samli kwenye sufuria, nikamimina uji, ukalia. Hapa ndipo pa kutulia: usifunike mara moja, bali ngoja hadi uso mzima uchomoze vitundu vidogo na kingo zianze kuachana na sufuria, ndipo uondoe moto wa chini, ubakishe makaa machache tu, na kupalia juu. Tulipofunua baada ya dakika ishirini mkate ulikuwa wa rangi ya dhahabu iliyokolea katikati, na watoto wa nyumba, waliokuwa wamepanga mstari tangu samli ilipolia, walipewa ukoko.

Keki ilifuata usiku. Mume wangu alipiga siagi na sukari kwa mwiko hadi mkono ukachoka, akapokezana na mdogo wake, na shemeji akapokezana na mkewe, hivi kwamba keki ile ilipigwa na ukoo mzima. Tulitia ndizi mbivu za kisukari zilizopondwa, tangawizi ya Same iliyokunwa na mdalasini wa mama, kisha makopo mawili yakaingia kwenye mchanga wa moto moja baada ya jingine. La kwanza lilichukua saa nzima na dakika kumi, la pili dakika hamsini tu kwa kuwa mchanga ulikwishashika joto. Wengine waliporudi kutoka ibada ya mkesha walikuta nyumba inanukia tangawizi na sisi tunamalizia kashata za nazi, ambazo tulizifunga kwenye majani makavu ya mgomba na uzi wa banzi lake, kila mtoto fungu lake. Gharama ya zawadi za watoto kumi na wanne haikufika shilingi 10,000, ukiondoa nazi.

Jumatano, 25 Desemba: Kanisani na nyumbani

Mlima ulionekana wazi saa kumi na mbili asubuhi, theluji yake ikiwa ya waridi kwa dakika chache, na saa mbili ulikuwa umekwishajifunika. Wanaotaka picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, waamke mapema; mchana wa Desemba mawingu hayana huruma.

Ibada ya Kilutheri ilijaa hadi nje, na magari yenye vumbi la Dar, Arusha na Nairobi yalipangwa hadi kwenye migomba ya watu. Baada ya baraka ulifuata mnada wa sadaka zilizotolewa kwa vitu: mikungu ya ndizi, jogoo, mayai, maparachichi, na kopo letu la pili la keki, ambalo mama mkwe alikuwa amelipeleka bila kutuambia. Mzee wa kanisa aliyenadi aliitangaza kuwa keki iliyookwa kwenye mchanga, na umati ukaguna. Ilianza kwa shilingi 5,000. Bwana mmoja aliinunua kwa 40,000, akairudisha inadiwe tena. Mama mmoja wa kwaya akaichukua kwa 35,000, naye akaagiza ipewe watoto wa shule ya Jumapili. Mpaka leo sijui ilionjwa na nani.

Nyumbani mbuzi alikuwa ameshachinjwa alfajiri na kugawanywa kwa utaratibu ambao mimi bado najifunza, kwa kuwa kila kipande kina mwenyewe na kukosea ni kumvunjia mtu heshima. Tulianza na mtori, kisha nyama choma na ndizi, na mbege ikazunguka kwa wazee. Mkate wa kumimina niliukata vipande vya pembetatu, nikaupeleka kwanza kwa bibi, mama yake baba mkwe, ambaye hana meno mengi. Alikitafuna kipande polepole, akauliza kama ni kiburu, kile chakula cha Kichagga cha ndizi na maharagwe, cha Waswahili. Wote walicheka isipokuwa yeye, aliyekuwa akinyoosha mkono kuomba cha pili. "Aika, mwanangu," alisema, yaani asante, na kikombe cha kahawa ya shambani, iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, kikamfuata.

Nitasema wazi: keki ile haikuwa nzuri kuliko ya dukani kwa macho. Ilipasuka juu na upande mmoja uliungua kidogo. Lakini haikubaki hata punje, ilhali ya dukani mwaka uliotangulia ilikaa kabatini hadi mwaka mpya, kila mtu akimwachia mwenzake.

Alhamisi, 26 Desemba: Maporomoko ya Kinukamori

Siku ya kufungua zawadi tulifungasha mkate uliobaki, chai ya tangawizi kwenye chupa na watoto sita, tukatembea hadi Kinukamori, si mbali na Marangu Mtoni. Wageni wa nje hulipa zaidi. Sisi wenyeji tulitozwa shilingi 2,000 kwa mtu mzima na watoto wakapita bure, baada ya mazungumzo. Maji huanguka kwenye bonde jembamba lenye ukungu, na ngazi za kushuka huteleza, kwa hiyo viatu vya kanisani mviache nyumbani.

Kijana aliyetuongoza alisimulia habari ya Makinuka, msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaja hapo kujitupa, akabadili nia, na alipogeuka kurudi nyumbani akakutana na chui, akarudi nyuma kwa woga na kuanguka. Sanamu za msichana na chui zimesimama juu ya maporomoko. Mtoto mmoja wa shemeji aliuliza kwa nini hakuna sanamu ya mwanaume aliyempa mimba. Mwongozaji alikubali kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa, tukanywa chai.

Ijumaa, 27 Desemba: Geti la Marangu

Siku hii tulikwenda wawili tu. Bodaboda zilitoza shilingi 3,000 kutoka Mtoni hadi geti la hifadhi, lakini tulipanda kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu kati ya vihamba, tukipishana na watu waliovaa nguo mpya wakielekea kwenye ubatizo na harusi, kwa kuwa wiki hii ndiyo ambayo koo hukutana na shughuli hupangwa humo. Mara mbili tulikaribishwa ndani na watu tusiowajua, na mara ya pili hatukuweza kukataa: tulikalishwa, tukapewa sahani ya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, na tulipoaga mwenye nyumba akamuuliza mume wangu yeye ni wa ukoo gani, akagundua kwamba babu zao walichimba mfongo mmoja.

Getini hapo, mita 1,800 na ushei juu ya usawa wa bahari, huna haja ya kulipa chochote kama hutapita ndani. Kuna kumbukumbu ya Mjerumani Hans Meyer, ambaye alifika kilele cha Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller mnamo Oktoba 1889, na wazee wa Marangu hawatachoka kukukumbusha jina la Yohani Kinyala Lauwo, mwenyeji wao anayekumbukwa kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Tuliwakuta wapagazi wakipima mizigo. Tuliwagawia kashata za mwisho, nao wakatuambia kwamba sukari ya namna hiyo ndiyo inayowafaa huko juu kuliko biskuti wanazopewa.

Jumapili, 29 Desemba: Kurudi

Jumamosi tulifua, tukaosha makopo na kuurudisha mchanga kwenye mfongo, ingawa mama mkwe alibakisha ndoo moja nyuma ya jiko, akisema wifi anataka kujaribu kabla ya Pasaka. Tulimwachia pia kopo moja.

Tiketi za kurudi ndizo ngumu zaidi, hasa kuanzia tarehe 2 Januari watu wote wanaposhuka kwa pamoja. Ukiweza ondoka kabla ya mwaka mpya, au baada ya tarehe 6. Tulipandia Himo saa moja asubuhi, na mjadala mkubwa wa siku ulikuwa juu ya mikungu miwili ya ndizi, parachichi na kuku mmoja hai tuliopewa. Kondakta alitaka shilingi 20,000 kwa mzigo huo, tukamaliza kwa 8,000 na parachichi sita. Segera nilimtafuta kijana wa machungwa ili nimpe kipande cha keki nilichokuwa nimemwekea. Hakuwepo, wenzake wakasema naye amekwenda kwao kula sikukuu, wakaahidi kumfikishia. Walivyokitazama kipande kile, sikuwaamini sana.

Kwa jumla tulitumia shilingi 338,000 watu wawili, pamoja na nauli zote, sadaka na viungo vya kuokea. Mbuzi alikuwa wa baba mkwe. Kuku yupo hai hadi naandika haya, na ametaga.